Mtoto Aliyekataa Majina

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimedanganya. Haya, nimeiandika.

Mama Apua alipiga simu saa nne asubuhi kutoka Gotu. Kwa simu ya jirani kama kawaida, na anapiga kelele ni kama anataka nimsikie hata bila simu. Hakuuliza kama kidonda cha operesheni kimepona. Swali la kwanza la mama mkwe: mtoto ananyonya? Na mimi hapo kitandani nimeshika chupa, bwana mdogo anaivuta kama mtu ametoka kufunga — nikasema ananyonya vizuri sana, Mama. Si uongo kabisa. Ananyonya! Sikusema tu ananyonya nini.

Akafurahi mpaka akacheka peke yake. Basi atakuja Alhamisi, akasema, mtoto apewe jina.

Simu ilipokatika ndiyo nikakumbuka vile jina linapewa kwetu Waturkana. Mtoto anawekwa kwa titi. Nyanya anaita majina ya watu wa familia waliotangulia, moja moja. Likiitwa jina, mtoto akaanza kunyonya, hilo ndilo lake. Huyo aliyekufa amekubali kumsimamia. Sasa mimi, maziwa yangu yamekauka! Damu nyingi ilinitoka siku ile ya kujifungua, nikalala karibu wiki bila kujielewa, na niliporudi duniani bwana mdogo alikuwa ameshazoea chupa. Nikimwekea titi ananiangalia kama nimemtusi.

Wiki ya tano hii. Kwa kijitabu cha kliniki bado ameandikwa "Mtoto wa Alice". Hapa kwa ploti kila mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi ni Alice tu.

Kile kikundi cha WhatsApp cha kina mama wa kliniki nimekizima. Mmoja ameweka picha ya maziwa amejikamua, chupa tatu, amezipanga dirishani ni kama maua. Wenzake wanamwekea mioyo. Mwingine ameandika ati mama wa kweli hakati tamaa. Haki ya nani, nilitaka kutupa simu kwa jiko.

Alhamisi, 12 Juni

Amefika. Kwa boda! Dereva mbele, yeye katikati amekaa wima kama mheshimiwa, nyuma mbuzi mweupe amefungwa kwa kamba, kichwa kinachungulia juu ya bega lake. Ploti nzima ilitoka kutazama. Mbuzi ni wa kuchinjwa siku ya jina. Mama Apua alishuka, akapanguza vumbi usoni, akanyoosha mikono. Hakusalimu mtu. Mtoto kwanza.

Akamnusa kichwa. Akamtemea mate ya baraka kwa paji la uso. Mkono wangu ulikuwa tayari unaelekea kwa kitambaa, nikaurudisha. Akasema huyu ni mwanawe Lodio, mume wangu, huyu ni Lodio mtupu, hata haya masikio.

Mpango uko hivi. Chupa, kopo la maziwa na thermos ya maji moto nimevihamishia kwa Ubah, mlango wa pili. Ubah ni Mborana, mke wa Waqo wa ng'ombe, na ana Nafiso wa miezi mitano anayenyonya kama amelipwa. Bwana mdogo akilia nasema nampeleka akamwone mwenzake. Nampa chupa huko, namrudisha ameshiba. Ubah hakupenda. Alisema waziwazi kwamba kumficha nyanya chakula cha mjukuu wake ni tabia ya ajabu. Lakini kopo alilipokea, akaliweka nyuma ya Kurani na redio.

Mama Apua ameniletea mafuta ya kondoo kwa chupa ya soda. Ninywe vikombe viwili kila asubuhi. Nimekunywa.

Ijumaa, 13 Juni

Lodio amefika na lori kutoka Moyale saa kumi. Mume wangu, Mungu ambariki, alivua shati, akachukua beseni, akaanza kufua nepi hapo nje mbele ya watu wote. Mama yake akasimama mlangoni akitazama. Nikangoja moto uwake.

Moto haukuwaka. Baadaye nimemsikia kwa Ubah anajigamba! Ati mwanawe anafua mavi ya mtoto kwa mikono yake mwenyewe, na baba yake Lokwang hakuwahi kubeba mtoto ambaye hajajua kutembea. Ati wanaume wa siku hizi wanatengenezwa vizuri.

Lodio anajua siri. Ananiambia nimwambie tu mama. Kwake ni rahisi. Yeye amefua nepi tatu amekuwa malaika. Mimi nimepasuliwa tumbo na bado naulizwa kama nanyonyesha.

Wakati wa chakula Mama Apua alimfinya bwana mdogo shavu, akaniambia maziwa yangu ni mazuri, yanaonekana. Nikamwongezea ugali.

Jumamosi, 14 Juni

Vibaya. Vibaya sana.

Nilikuwa na akili yangu. Nilimwacha masaa matatu mazima bila chupa, Mungu anisamehe, nikifikiri akiwa na njaa atakamata chochote. Jina lolote litatosha, halafu namkimbiza kwa Ubah. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Mama Apua alioga, akavaa shanga zake zote, akakaa mbele yangu kwa kigoda. Akaita jina la kwanza. Bwana mdogo akashika, akavuta mara mbili, akaona hakuna kitu, akaachia akalia. La pili, akageuza uso. La tatu. La nne. Anamtaja mtu, ananieleza kidogo huyo alikuwa nani — huyu alikuwa mpole, huyu alikufa kwa kiu huko Merti, huyu alikuwa mwizi lakini mkarimu. Majina kumi na manne! Mtoto analia mpaka sauti inapotea.

La mwisho lilikuwa Lokwang, mumewe. Alikuwa ameliweka mwisho kwa sababu alikuwa na hakika. Aliliita polepole, na sauti tofauti. Bwana mdogo alipiga ukelele wa kupasua bati, akajikunja nyuma.

Niliuona uso wa Mama Apua. Sitausahau. Alinyoosha mkono akanifunika kifua na leso, taratibu, kama mimi ndiye mgonjwa. Akaniambia, "Si wewe. Ni sisi."

Mbuzi hakuchinjwa. Yuko pale kwa mti wa mwarobaini, anakula boksi la kadibodi la jirani.

Jumapili, 15 Juni

Mama Apua hajala tangu jana. Chai tu. Anahesabu wafu wake kwa vidole, anaanza upya. Nani amesahauliwa? Nani ana hasira? Sasa ameamua ni Lokwang. Ati ni miaka miwili hajapeleka tumbaku pale alipozikwa, tangu mguu uanze kumsumbua, na mzee ameamua kumwaibisha kupitia kwa mtoto. Jumanne anarudi Gotu kumwomba msamaha. Akasema mtoto asiye na jina hana mtu nyuma yake, upepo wowote unamchukua.

Lodio akaniangalia. Nikaangalia sufuria.

Kanisani sikusikia hata neno moja.

Jumatatu, 16 Juni

Nimesema.

Lodio alirudi barabarani alfajiri. Mama Apua akaanza kukunja nguo zake. Akatoa kitambaa, akakifungua, ndani kuna tumbaku ameshanunua kwa soko ya hapa kwetu Bulla Pesa, kwa mguu ule mbaya, ya kwenda kumwomba msamaha mtu ambaye hajamkosea. Hapo nikashindwa. Nilienda kwa Ubah nikatoa kopo nyuma ya Kurani na redio. Ubah alinishika bega tu.

Nilirudi nikakaa chini, sakafuni, mbele yake kabisa. Nikakoroga maziwa. Nikampa bwana mdogo chupa, mama mkwe wangu anaangalia. Mtoto alivuta mpaka chini, na ile kelele yake ya kama bata.

Akauliza tangu lini. Nikasema tangu azaliwe. Akauliza, na Jumamosi? Nikamwambia, "Hakukataa majina, Mama. Alikataa titi kavu. Hakuna mtu wako ana hasira."

Akakasirika, na si kwa chupa! Ati siku mbili nimemwacha agombane na mume wake ndani ya kaburi. Amemwita mzee mwenye roho mbaya. Amemwita mengine hawezi kuyarudia mbele ya mtoto. Nani atamwomba msamaha sasa? Akaendelea hivyo, sauti inapanda, halafu katikati ya kugomba akaanza kucheka. Halafu analia. Na mimi nalia. Bwana mdogo akacheua, akalala.

Alichukua kopo akatia kidole, akalamba ile unga. Akasema ni tamu, inafanana na maziwa ya msaada ya mwaka wa njaa.

Halafu akanieleza jambo ambalo mume wangu mwenyewe hajawahi kuniambia. Lodio alipozaliwa, yeye alishikwa na homa, maziwa yakakauka siku ya nne. Nakiru, mke mwenzake, alikuwa na msichana anayenyonya. Akamchukua Lodio akamweka upande wa pili. Jina la Lodio liliitikiwa kwa titi la Nakiru. Miaka hii yote nimeona Lodio akinunua leso mbili za Krismasi, moja ya mama yake na moja ya Mama Nakiru, nikadhani ni adabu tu!

Nikamuuliza kama kuna mtu alimwambia yeye si mama kamili. Aliniangalia ni kama nimeuliza kwa Kichina.

"Nani angesema? Boma lilikuwa na wanawake watano," akasema. "Nyinyi ndio mmejifungia, kila mmoja na chumba chake na mtoto wake. Halafu ikikushinda unajificha."

Nilitaka kumwambia ni picha ya ukutani pale kliniki, ile ya mama na mtoto wanaangaliana wanatabasamu. Ni lile kundi la WhatsApp. Nilikuwa nafikiri naaibikia mila za Gotu, kumbe nilikuwa naaibikia ukuta wa kliniki. Lakini pia hakuniacha nione zamani ilikuwa asali. Siku ya tatu baada ya kuzaa alikuwa ameshabeba maji. Amezika watoto wawili, mmoja wiki ya kuhama, na hakuna aliyemngoja amalize kulia. Anasema wakati wake hakukuwa na meza ya operesheni, kwa damu ile iliyonitoka ningekuwa nimekufa. Akanipapasa mguu. Akasema ni afadhali chupa na mimi niko.

Nikadhani yameisha. Wapi! Akasema chupa italisha mtoto, sawa, lakini jina haliitwi kwa chupa. Jina linataka mtu. Akasikiliza. Upande wa pili wa ukuta Nafiso alikuwa ananyonya, unamsikia kabisa.

Jumanne, 17 Juni

Hakuenda Gotu. Alienda mlango wa pili.

Mimi nilikuwa naosha vyombo, nikasikia yote. Mama Apua aliomba titi la kumpa mtoto jina, kama anaomba chumvi. Ubah akaeleza: kwao, katika dini, mtoto ukimnyonyesha mara tano akashiba ni wako. Atakuwa ndugu ya Nafiso maisha yote, hawawezi kuoana kamwe, na yeye Ubah hatajifunika mbele yake hata akiwa mtu mzima. Kugusisha mara moja kwa ajili ya jina hawezi, kwake ni kuigiza. Akimpa, atampa kweli. Na hilo si la kuamua bila Waqo, na Waqo yuko Merille kwa soko ya mifugo mpaka Alhamisi.

Wakaongea vizuri sana, wale wawili. Mambo ya mwanangu! Hakuna aliyegeuka kuniuliza mimi. Nimevunja kikombe cha bluu. Sikukusudia. Nilikusudia kidogo.

Wivu ndiyo hii. Mtu wa kutaka msaada ni mimi, na msaada ukija nataka kuuma mtu.

Alhamisi, 19 Juni

Waqo amerudi. Alikaa nje na Mama Apua, chai kubwa, tangawizi. Nikajua huyu atakataa. Bulla Pesa watu wanakumbuka mambo, Waturkana na Waborana hatujapendana kila mwaka. Kuna wakati babake Waqo na watu wa Gotu walifukuzana kwa sababu ya malisho, na si kwa maneno tu.

Waqo alizungusha kikombe. Akasema shida anaiona moja: siku nyingine nyasi zikigombaniwa huko Gotu, atalazimika kukimbilia upande wa huyu mwanawe mpya, na mbio hana tena. Mama Apua alicheka mpaka akashika mguu. Basi, akasema Waqo, kwa upande wake ni sawa, hata ni heshima. Lakini Ubah alitoka mlangoni akasema, "Alice bado hajasema. Mtoto ni wake."

Wote watatu wakanigeukia. Nikasema nipewe muda.

Baada ya swala ya alasiri Ubah aliingia kwangu, akaweka kijitabu chake cha kliniki kwa meza, kimefunguliwa pale kwa vipimo vyote vya damu, hata cha ukimwi. Sikuwa nimeuliza. Nisingethubutu kuuliza. Akasema nisome kila mstari, yeye angekuwa mimi angesoma. Akaenda. Nilisoma kila mstari, nikampenda mpaka kifua kikauma.

Nikamuuliza Mama Apua kama alimwonea wivu Nakiru. Alikuwa anachambua maharagwe. Hata hakuinua kichwa.

"Sana. Nilimchukia mwaka mzima. Halafu mtoto akatembea."

Nimeenda kwa Ubah nikamwambia ndiyo. Jumamosi.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika papo hapo, daftari kwa goti. Mama Apua amenipa kazi: niandike kila jina likiitwa, lisije likasahaulika hata moja. Yeye hajui kusoma lakini amenyoosha shingo anahakikisha kalamu inatembea. Lodio, aliyerudi jana usiku, yuko nje na Waqo, wanajifanya wanaangalia mbuzi. Waqo ndiye atachinja, ili kila mtu ale.

Ubah amekaa kwa kitanda changu. Amevua mtandio. Nikampa mtoto. Akampokea polepole sana, akasema bismillahi.

Bwana mdogo amekunja uso. Titi hilo halifanani na lolote analojua. Tone limemwangukia mdomoni. Amelamba. Anafikiri.

Ekal. — Amelamba tena. Ameachia.

Ewoi. — Analia.

Lopeyok, yule mwizi mkarimu. — Analia zaidi. Ubah anamtikisa, anamwimbia kitu cha Kiborana.

Lomuria. — Amekamata! Hapana. Ameachia.

Mama Apua anaenda pole leo. Anapumzika kati ya majina. Anawapa nafasi ya kufika, anasema.

Yamefika kumi na tatu.

Lokwang. — Kimya. Ameshika. Mama Apua amefunga macho. Moja, mbili... ameachia. Analia. Mama Apua amefungua macho, amecheka kwa pua, amesema huyu mzee alikuwa na maringo tangu zamani, asilazimishwe.

Majina yake yameisha. Nikadhani ndiyo basi tena. Lakini hajasimama. Amenigeukia. Anauliza kwani watu wangu mimi hawafi? Niite wa kwetu. Sikujua inawezekana. Siku zote nimesikia ni upande wa baba tu. Amesema ndivyo ilivyokuwa, na yeye ndiye nyanya hapa.

Sina orodha. Mama yangu alikufa nikiwa Form Two, hakunifundisha hata moja. Nina marehemu baba yangu, Nangiro. Nina babu sijui vizuri jina lake. Nimeuliza kwa sauti, "Nianze na nani, Mama?"

Na bwana mdogo ameacha kulia. Papo hapo. Amegeuza kichwa kifuani kwa Ubah, shingo hiyo bado haina nguvu, maziwa yanamtiririka kidevuni — macho yanazunguka chumba. Amesikia sauti yangu, ananitafuta. Ubah ameona. Amesogea, amepiga godoro kando yake kwa kiganja. Anasema nikae hapa, karibu, nimshike kichwa, ni mimi anayemtaka, titi yeye atashika.

Mama Apua anasema sasa inatosha kuandika. Niweke kalamu chini, niite.